Polio ya zamani isibebeshwe kila ugonjwa mpya

Juma hili sitazungumzia bei ya korosho, ingawa najua kuwa wengi wenu mlioko kusini mngependa nianze na hilo. Leo nataka tuzungumze juu ya mguu. Mguu mmoja tu, wa mtu mmoja, na habari yake itatufikisha mbali.

Mwezi uliopita nilipanda gari Masasi kwenda Newala kumwona mjomba wangu, kaka yake mama. Wale mnaofahamu desturi za Wamakonde mnajua kwamba kwetu mjomba si jamaa wa kutembelewa siku za sikukuu peke yake. Mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo nilipofika nikapiga magoti, nikamwambia, "Shikamoo mjomba." Akaitika, "Marahaba mpwa wangu," kisha akanionyesha cherehani yake mpya. Haikuwa mpya hasa. Ilikuwa cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha, aliyoinunua kwa mtu. Cherehani yake ya kukanyaga, iliyosomesha watoto wanne, imewekwa pembeni na kufunikwa kitenge.

Hapo ndipo ilipo hadithi yangu.

Mjomba alipata polio mwaka 1966 akiwa na miaka mitatu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto alilala na homa, na asubuhi ya tatu mguu wa kulia ulikuwa kama kamba iliyolowa maji. Haukuinuka tena. Ulibaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake. Lakini mjomba hakukaa chini. Alijifunza kutembea na fimbo, akajifunza ushonaji, na kwa miaka zaidi ya 35 mguu wake wa kushoto peke yake ukafanya kazi ya miguu miwili: kumbeba njiani, na kuikanyaga cherehani toka asubuhi mpaka jua linapozama.

Alipofika miaka 58 mguu huo wa kushoto ukaanza kuchoka. Mwanzoni alidhani ni cherehani. Akaitia mafuta. Akabadilisha mkanda. Akamwita hata fundi wa cherehani aje aifungue. Fundi akasema mashine ni nzima. Wiki chache baadaye mjomba akarudi nyumbani kutoka sokoni akiwa na kandambili moja. Ya kushoto ilimvuka njiani, naye hakujua. Watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha suruali zikaanza kumpwaya, akawa anazipunguza kiunoni mwenyewe, mara ya kwanza inchi moja, mara ya pili inchi mbili. Usiku alikuwa akitoa jasho mpaka shuka linalowa. Mgongo ulimuuma katikati ya mabega. Mwishowe, jambo ambalo mtu mzima hupata taabu kulisema, haja ndogo ikaanza kumponyoka kabla hajafika chooni.

Akaenda kutibiwa. Sitataja jina la kituo wala la mtu, kwa kuwa nia yangu si kumtia mtu aibu, na jambo hili lingeweza kutokea popote katika nchi hii. Aliyempokea aliutazama ule mguu mwembamba wa kulia, akauliza, "Mzee, uliwahi kuugua polio?" Mjomba akajibu ndiyo. Basi. Mazungumzo yakaishia hapo. Akaambiwa: "Hiyo ni polio yako, mzee. Umezeeka nayo." Akapewa vidonge vya maumivu. Akarudi mara ya pili, akapewa jibu lile lile. Mara ya tatu hakwenda. Alikaa nyumbani miezi mitano, akiwaambia watu kwamba polio imerudi kuchukua ilichoacha.

Wasikilizaji, nimeitafakari sana sentensi ile, "Hiyo ni polio yako." Ina sura ya jibu. Lakini ukiichunguza ni mlango uliofungwa. Na leo nataka tuufungue.

Kwanza tuseme haki. Aliyesema hivyo hakusema upuuzi mtupu. Ni kweli kwamba polio inaweza kumsumbua mtu upya baada ya miaka mingi. Jambo hilo lilielezwa Ufaransa tangu mwaka 1875, na Raymond, wakati wa tabibu mkubwa Charcot. Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 19 aliyeugua polio utotoni, na ambaye alifanya kazi nzito ya kutengeneza ngozi. Viungo vilivyokuwa na nguvu, alivyovitegemea katika kazi, ndivyo vilivyoanza kudhoofu. Kisha jambo hilo likasahauliwa kwa miaka mingi, mpaka miaka ya 1980, wakati maelfu ya watu wa Marekani na Ulaya waliougua katika milipuko mikubwa ya miaka ya 1940 na 1950 walipoanza kurudi hospitali wakilalamika kwamba nguvu zinawaishia tena. Ndipo madaktari wakaupa hali hiyo jina: maradhi yafuatayo polio.

Inatokeaje? Hebu nieleze kwa mfano wa kwetu. Virusi vya polio huingia kwa njia ya mdomo, kwa maji au mikono iliyochafuka. Wengi wanaoambukizwa hawaoni lolote. Kwa wastani mmoja kati ya 200 hupooza. Kwa huyo mmoja, virusi huua zile neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Sasa fikiria kijiji cha Uwandani, zile siku ambazo maji yalichotwa bondeni na kupandishwa kilima kichwani. Kila mama anachotea watoto wake. Ugonjwa ukija ukaua nusu ya kina mama, wale waliosalia huwachukua yatima, na sasa kila mmoja anachotea nyumba tatu. Watoto wanakunywa, na kijiji kinaonekana kimepona. Lakini mama yule yule akipanda kilima kile kile na mzigo mara tatu kwa miaka 30 au 40, itafika siku magoti yatakataa. Ndivyo ilivyo. Neva zilizosalia hulea misuli iliyoachwa yatima, na baada ya miaka mingi huchoka. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, hukadiria kwamba hali hii huwapata watu 25 hadi 40 kati ya kila 100 walioponea polio.

Kwa hiyo maradhi yafuatayo polio yapo. Lakini sikilizeni masharti yake, kwani hapa ndipo kosa linapozaliwa. Wataalamu wamekubaliana kwamba ili mtu apewe jina hilo, lazima awe alikaa na hali tulivu kwa miaka mingi, kwa kawaida 15 au zaidi. Lazima udhaifu mpya uwe umedumu walau mwaka mmoja. Na sharti kubwa kuliko yote: lazima magonjwa mengine yanayoweza kuleta udhaifu huo yawe yametafutwa na kukosekana. Maana yake ni kwamba hili ni jina la mwisho. Hutolewa baada ya kuuliza, kugusa, kupima na kutoona kitu kingine. Mjomba wangu alipewa jina la mwisho kabla ya kuulizwa swali la pili.

Tena kuna mipaka ambayo polio haiivuki, na hakuna anayehitaji chuo kikuu kuielewa. Mpaka wa kwanza ni hisia. Polio huua neva za kuamrisha; hazigusi zile za kuhisi. Mtu mwenye mguu wa polio ukimchoma na mwiba kwenye mguu ule ule mwembamba, atapiga kelele. Basi mtu aliyevuka na kandambili asijue ana kitu kingine. Mpaka wa pili ni ulegevu. Mguu wa polio hulegea; ukigongwa chini ya goti na kinyundo cha mpira haushtuki. Mguu unaokakamaa, unaotetemeka, unaoruka ukiguswa, hausemi habari za polio. Unasema kwamba kuna jambo juu zaidi, katika uti wa mgongo au katika ubongo. Mpaka wa tatu ni haja. Mtu aliyeishi na polio miaka 50 bila shida ya mkojo, kisha ghafla hawezi kuuzuia, asiambiwe ni uzee. Na mpaka wa nne ni mwili mzima: kukonda, homa za jioni, jasho la usiku. Polio ya mwaka 1966 haimkondeshi mtu leo.

Mjomba alikuwa na hayo yote manne. Yalikuwa kwenye kandambili, kwenye shuka na kwenye futi yake ya kupimia. Hakuna aliyeuliza.

Aliyemwokoa alikuwa tabibu kijana, aliyekuja Uwandani kwa kazi nyingine kabisa. Alipita kushonesha koti, akamkuta mjomba anakanyaga cherehani kwa kuinua goti kwa mkono. Akauliza tangu lini. Mjomba akajibu kama alivyofundishwa: "Polio yangu hiyo." Kijana akasema, "Babu, polio yako iko mguu wa kulia. Mimi nauliza wa kushoto." Akamwomba afumbe macho, akampitishia ncha ya uzi mguuni, akamwambia aseme anapohisi. Mjomba akakaa kimya akisubiri aanze, kumbe kijana amekwisha maliza. Akamgonga chini ya magoti kwa ukingo wa kiganja. Mguu wa kulia ukabaki kimya, kama ulivyokuwa kimya tangu 1966. Wa kushoto ukaruka ukapiga meza. Kijana akasema, "Babu, kesho asubuhi unakwenda hospitali, na mimi naandika barua."

Picha ya mgongo ilionyesha pingili mbili zilizoliwa na kusagika. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa wenye dawa, ugonjwa unaotibiwa bure katika nchi hii kwa vidonge vya mwaka mzima. Mjomba akaanza dawa. Jasho likakoma, kilo zikarudi, haja ikatulia, hisia zikarudi karibu zote. Lakini nguvu ya mguu wa kushoto haikurudi kamili. Daktari alimweleza bila kumficha: neva ikibanwa kwa muda mrefu haisamehe yote. Angefika miezi mitano mapema, pengine cherehani ya kukanyaga isingekuwa chini ya kitenge.

Mtu mwingine akipoteza robo ya nguvu za mguu mmoja atachechemea, maisha yataendelea. Mtu wa polio hana mguu wa akiba. Mguu wake mzima ndio kazi yake, ndio njia yake ya kwenda chooni na msikitini. Kwa hiyo, ugonjwa mpya kwa mtu wa polio unahitaji haraka kuliko kwa mtu mwingine, si uzembe zaidi.

Sasa, wasikilizaji, nina sababu ya kulisema hili nikiwa natoka Newala na si mahali pengine. Uwanda wa Makonde una sifa katika historia ya tiba ambayo wenyewe tumeisahau. Mwaka 1952 homa kali ilizuka hapa, ikaendelea mpaka mapema 1953. Watu waliamka na maumivu ya viungo yaliyowakunja, mtu anashindwa kusimama wima. Kwa daktari aliyesoma vitabu, jibu lilikuwa tayari: hii ni homa ya dengi, ile ambayo Waswahili wanaiita kidingapopo. Ilifanana nayo kwa homa, kwa vipele, kwa maumivu. Lakini watu wa Uwandani walikuwa wameipa jina lao, jina la Kimakonde lenye maana ya kukunjika, chikungunya. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake kwa makini, na mwenzake Lumsden akachunguza jinsi ilivyoenea, akaona kwamba maji yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba, kwa sababu ya shida ya maji Uwandani, yalikuwa mazalio ya mbu. Damu ya wagonjwa ilichunguzwa Entebbe, Uganda, na Ross akapata kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1955 na 1956. Leo dunia nzima, kutoka Lamu iliyopigwa mwaka 2004 mpaka visiwa vya Karibi vilivyopigwa tangu mwishoni mwa 2013, inaita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde.

Funzo ni nini? Ni kwamba ugonjwa mpya ulijificha ndani ya sura ya ugonjwa wa zamani, na ulifichuliwa kwa sababu kuna watu hawakuridhika na jibu la haraka. Walisikiliza mgonjwa anasema nini, na mgonjwa alikuwa anasema: hii siyo ile.

Kuna funzo la pili, na hili ni chungu zaidi. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa Wilaya ya Masasi walidhurika kwa sumu ya muhogo mchungu. Njaa iliwalazimisha kukatiza njia. Badala ya kuuacha muhogo ukauke majuma kadhaa uwe makopa, waliuponda mbichi na kuuanika, wakaurudia kuuponda, ukaliwa baada ya siku moja au mbili. Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake walilichunguza jambo hilo. Sumu hiyo hiyo, ikiingia mwilini kwa majuma mengi kwa mtu asiyekula nyama, samaki wala maharage ya kutosha, huleta konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, mtu huamka asubuhi akitembea kwa vidole kama aliyefungwa kamba. Na ndiyo maana ya jina lenyewe katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, ambako Trolli aliueleza mwaka 1938. Hapa Tanzania watu 39 walipatwa nao huko Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985, wakachunguzwa na Daktari Howlett na wenzake. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaripotiwa tena huku kusini, pamoja na Mkoa wetu wa Mtwara.

Mtu asiyejua akiona mtoto ambaye hawezi kutembea atasema polio. Lakini polio hulegeza, konzo hukakamaza. Polio huchagua mguu, konzo huchukua yote miwili sawasawa. Ukikosea hapo, utahangaikia chanjo wakati familia nzima inaendelea kula sumu jioni ile ile.

Na kosa la haraka linaweza kuua. Mwaka 1981, kusini zaidi ya Ruvuma, katika Mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Daktari kijana kutoka Sweden, Hans Rosling, alikuwa huko. Hakujua ni nini. Alihofu kwamba huenda ni ugonjwa wa kuambukiza, na alipoulizwa na mkuu wa mji kama afunge barabara, akakubali. Kina mama waliotaka kwenda sokoni wakaambiwa hakuna basi, wakaenda kwa mitumbwi na watoto wao. Mitumbwi ikapinduka, wakazama. Baadaye ikajulikana kwamba chanzo kilikuwa muhogo. Rosling alilibeba jambo hilo maisha yake yote, na mwenyewe akaliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2018, baada ya kufa kwake. Namheshimu kwa hilo. Wengi wetu tungelizika.

Turudi nyumbani. Mfumo wa nchi yetu kuhusu polio ni mzuri, na tusiwe wachoyo wa kusifu. Kisa cha mwisho cha polio ya asili nchini Tanzania kilionekana mwaka 1996. Mwezi Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa huru na polio hiyo. Mwaka 2022 virusi vilivyotoka Pakistan vilipoonekana Malawi na kisha Tete, Msumbiji, serikali yetu ilipeleka chanjo nyumba kwa nyumba. Leo mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu ghafla katika kijiji chochote cha Newala au Masasi, taarifa lazima itolewe, choo kinachukuliwa mara mbili katika siku 14 za mwanzo na kupelekwa maabara. Nchi nzima inaamka kwa ajili ya mguu wa mtoto mmoja. Na iamke.

Lakini mzee wa miaka 58 mwenye polio ya zamani akilegea mguu wa pili, hamwamshi mtu. Hakuna fomu, hakuna simu. Fikirini jambo hili: kama polio ya asili ilikoma mwaka 1996, basi tabibu anayehitimu leo hajawahi kumwona mgonjwa wa polio mpya hata siku moja. Ameisoma ukurasa mmoja, akafanya mtihani, ikapita. Wakati huo huo watu walioipata wapo, na hata aliye mdogo kuliko wote miongoni mwao anakaribia miaka 30 au ameshaivuka. Wengi wana miaka 50, 60, 70. Wanaingia katika umri wa kisukari, wa kiharusi, wa pingili za shingo kusagika na kubana neva. Viganja vya mikono yao vimeegemea magongo miaka 40, na neva za kiganja zinabanwa mpaka vidole vinakufa ganzi. Wamo pia wenye virusi vya UKIMWI, wenye kifua kikuu, wenye ukoma, kama watu wengine. Polio haikuwapa kinga ya magonjwa mengine ya duniani. Iliwapa tu alama ambayo kila anayewatazama huiona kwanza, na akishaiona haoni kitu kingine.

Nasikia mtu ananiuliza: sasa wewe mtangazaji unataka nini? Hospitali zetu hazina vipimo vikubwa. Nakubali. Lakini yule kijana alitumia nini kwa mjomba? Alitumia uzi na kiganja cha mkono. Alitumia swali moja: "Tangu lini?" Ninachotaka ni kwamba kila zahanati iwe na kinyundo cha mpira, na kwamba kila mgonjwa mwenye polio ya zamani aulizwe maswali manne. Je, udhaifu huu ulikuja pole pole kwa miaka, au kwa siku na majuma? Je, unahisi ninapokugusa? Je, mguu umelegea au umekakamaa? Je, haja yako iko salama, na mwili wako haukondi? Mtu akijibu vibaya hata moja, apewe barua ya kwenda mbele siku hiyo hiyo. Na apimwe sukari, kwa sababu kipimo hicho kipo karibu kila mahali.

Na nyinyi wenyewe mnaoishi na polio, nawaomba jambo moja. Mkienda kutibiwa, msianze na polio. Anzeni na kilicho kipya. Semeni: "Mguu huu ulikuwa mzima mpaka Machi, sasa unanivuka kandambili." Polio itajitaja yenyewe, maana inaonekana. Na mkiambiwa "hiyo ni polio yako," ulizeni kwa adabu: "Daktari, umetafuta nini kingine?" Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hakasiriki.

Kama wametafuta wasione kitu, basi na lipokelewe hilo jina la maradhi yafuatayo polio. Hayana dawa ya kuyaondoa, lakini yana namna ya kuishi nayo: kupunguza mzigo, kupumzika kabla ya kuchoka na si baada, kutumia gongo mapema bila kuona haya, na mazoezi mepesi yasiyofika kwenye maumivu. Yule mama mwenye yatima humponyi kwa kumwongezea ndoo.

Na sisi sote wa Uwandani, mwaka wa njaa ukija, tusikatize njia ya muhogo. Kama unga umeshapatikana na una mashaka nao, uchanganye na maji, utandaze utando mwembamba, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo usonge ugali siku hiyo hiyo. Sumu nyingi itakuwa imeondoka hewani. Gharama yake ni subira tu.

Nilipokuwa naaga, mjomba alinishonea kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia. Alizungusha cherehani kwa mkono wa kulia, pole pole, akiongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile ya kukanyaga. Akasema, "Mpwa wangu, polio ilinichukua mguu mmoja, nikaisamehe, maana ilinikuta mtoto na hapakuwa na chanjo. Huu wa pili ulichukuliwa na watu wasiouliza." Kisha akakata uzi kwa meno, akanipa koti langu.